Nyota Ndogo na Tundu Kubwa



Nyota inapozaliwa huzungukwa na gesi na vumbi, bapa kama ungo. Wenye elimu ya nyota huita kitu hicho sahani, na humo ndimo sayari huumbika. Lakini sahani nyingine zina tundu kubwa katikati, na watu hupenda kusema upesi: “Sayari imefagia hapa.” Je, yafaa kusema hivyo?

Mwaka 2004 darubini ya angani iitwayo Spitzer ilionyesha tundu la namna hiyo kwenye nyota CoKu Tau/4, na wengi wakadhani ni kazi ya sayari. Mwaka 2008 Michael Ireland na Adam Kraus walitazama kwa makini zaidi, wakakuta katikati ya tundu nyota mbili zinazozungukana. Hizo zatosha kulifagia. Sayari haikuhitajiwa tena.

Basi twaelewa shabaha ya Daniel Price na wenzake katika makala yao ya mwaka 2018 juu ya nyota HD 142527. Nyota hii iko mbali nasi miaka ya nuru 500 na zaidi. Tundu la sahani yake lapita mara 100 umbali wa Dunia na Jua. Tena kuna mikono iliyojipinda, vivuli, na vumbi lililorundikana upande mmoja kama mwezi mchanga. Mwaka 2012 Beth Biller na wenzake walikuwa wamegundua karibu nayo nyota mwenzi, ndogo, ambayo uzito wake haufiki nusu ya uzito wa Jua. Price na wenzake walifanya hesabu kwa kompyuta, wakasema kwamba mambo hayo yote yatokana na nyota hiyo ndogo.

Twaisifu makala hiyo. Wengine walitafuta sababu moja kwa kila alama. Hawa walionyesha kwamba sababu moja, tena iliyokwisha kuonekana kwa macho ya darubini, yaweza kutosha. Lakini msingi wake ulikuwa mwembamba. Nyota mwenzi ilikuwa imetazamwa miaka michache, nayo ilikuwa imekwenda kipande kifupi tu cha njia yake. Kipande hicho kilikubali njia nyingi, na hesabu ilisimama juu ya zile pana.

Mwaka 2024 Mathias Nowak na wenzake waliipima upya kwa chombo GRAVITY, kinachounganisha mwanga wa darubini nne huko Paranal, nchi ya Chile. Wakaona kwamba wastani wa umbali wa nyota hizo mbili ni karibu mara 11 tu umbali wa Dunia na Jua. Nyota mwenzi hufagia mpaka mara mbili au tatu hivi ya umbali huo. Tatu mara 11 ni 33. Tundu lapita 100! Mzigo ni mzito kuliko mchukuzi.

Hata hivyo tusirudi mbio kwa sayari kwa sababu tu nyota imeshindwa. Sayari nayo yapasa kupimwa vilevile.

Jambo moja latupendeza zaidi: kati ya walioandika makala ya 2024 yumo Price mwenyewe. Hoja yake aliisema wazi, kwa namba, hata ikaweza kupimwa. Na kipimo kilipokuja, alitia jina lake. Anayetaka kujifunza namna ya kuhojiana na azisome makala hizo mbili, moja baada ya nyingine.