Kukimbia na Kukimbilia: Mabinti Hamsini wa Charles Mee

Msichana aingia jukwaani amevaa shela iliyochafuka kwa safari. Hasemi neno. Avua nguo zake zote, ajitosa katika hodhi la kuogea lililowekwa wazi mbele ya hadhira, na hapo apumzika. Kijana wa nyumba amkutapo, msichana adhani yu hotelini. Ndivyo ianzavyo Big Love, tamthilia ya Mmarekani Charles Mee iliyooneshwa mara ya kwanza mwaka 2000 huko Louisville, katika jimbo la Kentucky. Msichana huyo ni Lydia. Wamfuatao ni nduguze Olympia na Thyona, na nyuma yao tunaambiwa wamo wengine hata watimie hamsini. Wote wametoroka Ugiriki wasiozwe kwa nguvu watoto wa ami zao, nao wamefikia pwani ya Italia, kwenye jumba la tajiri aitwaye Piero.

Kisa ni cha kale. Aeschylus alikitungia tamthilia tatu katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na iliyobaki ni ya kwanza tu, ile ya mabinti wa Danaus waliokimbia kutoka Misri hadi Argos. Kwa muda mrefu wataalamu waliidhani ndiyo kongwe kuliko tamthilia zote zilizosalia, mpaka kipande cha karatasi ya mafunjo kilichochapishwa mwaka 1952 kilipoonesha kwamba ilishindana na kazi za Sophocles, na hivyo haikuwa ya zamani kiasi hicho. Mbili zilizofuata zimepotea. Katika shimo hilo ndimo Mee alimojenga: usiku wa harusi ambapo maharusi wanawaua waume zao, na mmoja tu anamwacha wake hai.

Namna ya ujenzi wenyewe yastahili kutazamwa. Mee haoni haya kuokota. Maneno ya wahusika wake ameyachukua huku na huko, kwa Sei Shonagon, bibi wa Kijapani wa miaka elfu iliyopita, na kwa Valerie Solanas, mwanamke wa Kimarekani aliyewatangazia wanaume vita. Naye ameziacha tamthilia zake wazi ili wengine wazivunje na kuziunda upya, kama yeye alivyozivunja za Wagiriki. Kwa msomaji aliyezoea mizani na vina, jambo hili laweza kuonekana ulegevu. Lakini yapo mahali ambapo viraka hivyo vinashikana kwa nguvu ajabu. Akina dada, katikati ya hasira, wanajibwaga sakafuni, wanainuka, wanajibwaga tena na tena, huku wakisema na kuimba. Baadaye wanaume nao hufanya vivyo hivyo. Hapo mwili unabeba lile ambalo ulimi umeshindwa kulibeba, na hakuna hotuba katika kazi nzima inayofikia uzito wa mapigo yale.

Msomaji wa pwani atajiuliza swali ambalo huenda halikumsumbua mtazamaji wa Louisville: kuna ubaya gani kuolewa na mtoto wa ami? Kwetu ndiye aliye karibu zaidi na posa. Aeschylus mwenyewe hasemi bayana kwa nini mabinti wanaichukia ndoa ile, na wataalamu wamebishana. Mee analimaliza swali upesi: wazee walitia saini mkataba, vijana wakaenda Marekani wakatajirika, sasa wamerudi kwa helikopta kuchukua chao. Ubaya umo katika neno hilo, chao. Utawala wanaoukimbia mabinti hawa hauna jeshi wala bendera. Una karatasi na fedha, na unaruka angani.

Hata hivyo kuna kitu kilichopungua, na Kiswahili kinasaidia kukiona. Kukimbia ni kuacha kitu nyuma. Kukimbilia ni jambo jingine, kwani kiambishi kile kimoja kinamwingiza ndani ya kitenzi yule anayekimbiliwa, atake asitake. Tamthilia ya Aeschylus ni ya kukimbilia. Mfalme Pelasgus amekwama: akiwapokea, vita, akiwakataa, laana. Mabinti wanamwambia kwamba watajinyonga kwa mishipi yao kwenye sanamu za miungu yake. Naye haamui peke yake, bali anakwenda kwa raia, na mikono inainuliwa. Ugeni wa wanawake wale unakuwa mzigo wa mji mzima.

Piero hana mji. Ana jumba, ana wageni wa chakula cha jioni, ana adabu. Anasitasita kama tajiri yeyote asiyetaka kuvurugiwa bustani, anajaribu kusuluhisha, na harusi inapita mbele ya macho yake. Hifadhi imekuwa fadhila, na fadhila huisha. Huenda Mee alikusudia hivyo, lakini basi angekaa na Piero zaidi, kwani dakika za kusita kwake ndizo zenye tamthilia, naye anazipita mbio kuufuata ugomvi wa mapenzi.

La pili ni sauti. Kwa Aeschylus kundi zima ndilo mhusika mkuu, na mara nyingi kundi hilo husema kwa nafsi ya umoja. Mfasiri wa Kiswahili angetaabika hapo, aandike "ninaogopa" au "tunaogopa"? Mee amekata fundo kwa kuwapa dada watatu tabia tatu: Thyona mkali, Olympia apendaye kupendeza, Lydia anayetaka kupenda. Twapata watu tunaowajua, twapoteza lile kundi. David Greig, katika tafsiri yake iliyochezwa Edinburgh mwaka 2016, alishika njia nyingine: kundi liliundwa na wanawake wa mji wenyewe, wasio waigizaji wa kazi. Waliokimbiliwa ndio waliosema maneno ya waliokimbia.

Mwisho wa Big Love, Bella, mama yake Piero, bibi tuliyemwona awali na kikapu chake cha nyanya akiwataja wanawe mmoja mmoja, anahukumu kesi ya Lydia, aliyewasaliti nduguze kwa kumwacha Nikos hai. Anamwachilia, kwa kuwa mapenzi ni makubwa kuliko sheria. Hukumu hiyo ni tamu mno kwa sakafu iliyotapakaa damu. Lakini Mee hakuiamini kabisa. Lydia na Nikos wanaondoka kama bibi na bwana harusi, na nyuso zao hazina furaha. Wanatazama mbele kama watu walioshuka bandarini usiku, wasiomjua mwenyeji.