Pete ya kushtukiza na milimita 2.5 za ziada

Mpwa wangu ni wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, mtu asiyeweza kununua hata pasi ya umeme bila kudai risiti na kusoma maandishi madogo ya chini. Mwaka jana aliamua kumvisha pete binti anayempenda bila mwenyewe kujua, na kwa kuwa nilikuwa mmoja wa watu wawili waliobebeshwa siri hiyo, niliiona kazi yote, kuanzia kidole hadi kwa sonara. Naichambua hapa kwa sababu vijana wengi huanza kwa kuuliza wanunue jiwe la ukubwa gani. Hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: mambo gani hutaweza kumwuliza mwenye kidole, na ukiyakosea utayarekebishaje?

Tuanze na kidole, maana ndicho kilichotutesa. Binti ni muuguzi, anakaa kwao, na mlango pekee wa kuingilia ulikuwa mdogo wake wa kike wanayelala chumba kimoja. Mdogo mtu akafungua kisanduku cha mapambo, akatoa pete ambayo dada yake huivaa akienda harusini, akailaza juu ya rula, akaipiga picha kwa simu. Kipenyo cha ndani kikasomeka milimita 17.7. Mpwa akashangilia, mimi nikakunja uso. Pete ikilala juu ya rula, ukingo wake wa juu unakuwa mbali kidogo na alama, na simu ikiinama kidogo tu jicho linasoma alama isiyo yake. Tena ile ilikuwa pete ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, na kwa watu wengi kidole hicho ni kinene kuliko kidole cha pete cha mkono wa kushoto.

Mtu anaweza kusema hizo ni chembe tu. Katika vipimo vya Kimarekani, ambavyo masonara wengi wanavijua, saizi 6 ina kipenyo cha milimita 16.5 na saizi 7 ina 17.3. Tofauti ya saizi nzima ni milimita 0.8, karibu unene wa kadi ya benki. Picha ya simu inaweza kula kiasi hicho bila wewe kujua. Ingekuwa bora kuazima pete yenyewe kwa saa moja, sonara aivishe kwenye kile kijiti chake cha chuma chenye alama. Hata kuizungusha penseli kali kwa ndani, juu ya karatasi, kungeishinda picha. Mdogo mtu alikataa katakata. "Dada akiikosa hiyo pete dakika kumi, atapindua nyumba."

Sonara, mzee mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni, aliiangalia picha akacheka, akapunguza hadi saizi 7. Zaidi ya hapo alikataa kushuka. Pete kubwa, alisema, itavaliwa siku hiyo hata kwa kidole kingine. Pete inayogoma kwenye kifundo mbele ya watu haina dawa. Nilimwelewa. Ukilazimika kukosea, kosea upande ambao kesho yake una marekebisho.

Kanuni hiyo ndiyo iliyochagua hata umbo la pete. Mdogo mtu alikuwa ameripoti kwamba dada yake huzitamani pete zilizozungushiwa vijiwe vidogo pande zote. Ni nzuri kweli, ila mkanda uliojaa vijiwe mzunguko mzima hauna mahali pa kukatwa, na kwa kawaida haupunguzwi wala kuongezwa. Kwa mtu ambaye kipimo chake umekipata kwa picha ya rula, huo ni mtego. Mpwa akachagua mkanda mtupu wa dhahabu ya njano, kwa kuwa hereni zote za binti ni za njano, ukiwa na jiwe moja.

Jiwe lile alitaka lishikwe na kucha 6, lisimame juu kama kwenye matangazo. Hapa nilimkatisha. Muuguzi huvaa na kuvua glovu mara ngapi kwa zamu moja? Kucha hukwaruza glovu, hunasa kwenye shuka na kwenye uzi wa blauzi, na kucha moja ikipinda jiwe linaanza kucheza. Tukakubaliana jiwe likae chini, lizungushiwe ukingo wa dhahabu. Ukingo hula sehemu ndogo ya uso wa jiwe, hivyo linaonekana dogo kidogo, lakini hauna pa kunasa. Dhahabu ikawa ya karati 18, yenye muhuri wa 750, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Sisi wa pwani tunaipenda ya karati 22, nami sina ugomvi nayo kwenye bangili, ila kwa kushikilia jiwe kila siku ni laini mno.

Sasa jiwe lenyewe. Niliuliza kwa nini asichukue tanzanaiti, ambayo duniani inachimbwa Mererani peke yake. Jibu la kiufundi ni kwamba kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi yenye 7. Kwenye hereni haina shida. Kwenye kidole kinachofanya kazi kila siku, miaka michache tu inatosha kuichosha. Almasi ni 10. Jibu la mpwa lilikuwa jingine: "Mjomba, huyu ni mtu wa Mwadui." Babu yake binti alifanya kazi kwenye mgodi huo wa Shinyanga, ambao mwamba wake wa almasi uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada. Kwa hiyo mpwa alitaka almasi ya Mwadui, siyo nyingine.

Aliulizia maduka matatu. Duka moja, ambalo sitalitaja, lilimwambia mara moja kwamba jiwe alilolishika limetoka Mwadui. Akaomba karatasi. Hazikuwapo, na hazingekuwapo. Mfumo wa Kimberley, unaotumika tangu mwaka 2003, unahusu vifurushi vya almasi ghafi zinapovuka mipaka. Haufuatani na jiwe moja lililokwisha kukatwa mpaka kwenye kidole cha mtu. Cheti cha kawaida cha maabara nacho kinaeleza jiwe lilivyo, hakitaji shimo lilikotoka. Almasi ya Shinyanga inaweza kuuzwa Antwerp, ikakatwa Surat huko India, ambako sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa, kisha ikarudi Dar ndani ya bahasha pamoja na mawe ya Botswana na Urusi. Mtu wa forodha alilielewa hilo kuliko mimi. Kwake mzigo usio na nyaraka hauna asili. Akaachana na Mwadui, akabaki na sharti la almasi iliyochimbwa ardhini.

Sharti hilo lilimgharimu. Kwa fedha zilezile angepata karati nzima ya almasi ya maabara, na chenji juu. Hiyo si bandia: ni kaboni ileile yenye ugumu uleule, na kampuni ya General Electric ilitangaza kuitengeneza tangu mwaka 1955. Bei yake imeporomoka miaka ya karibuni kwa sababu mashine hazichoki. Ningekuwa mimi ningeichukua, ilimradi cheti kiseme wazi kuwa ni ya maabara. Lakini hili lilikuwa miongoni mwa mambo asiyoweza kumwuliza mwenyewe, na mjukuu wa mchimbaji huenda ana maoni yake.

Sonara mwenye lenzi alimwekea mawe mawili ya duara juu ya karatasi nyeupe. La kwanza lilikuwa na karati 0.50, la pili 0.46. Karati ni uzito, gramu 0.2, siyo upana, na watu wengi husahau hilo. Mpwa akalisogelea la 0.50, maana namba hiyo inajaa mdomoni. Nikamwomba asome vipimo kwenye vyeti. Jiwe la 0.50 lilikuwa na kipenyo cha milimita 4.95 na kina cha asilimia 65 ya kipenyo hicho. La 0.46 lilikuwa na kipenyo cha 4.97 na kina cha asilimia 61.5. Jiwe jepesi lilikuwa na uso mpana kuliko zito! Uzito wa lile la kwanza ulikuwa umejificha tumboni na kwenye kiuno kinene, mahali ambapo hakuna jicho litakalouona, na bado bei yake ilikuwa juu, kwa sababu bei kwa kila karati huruka jiwe likifika nusu kamili.

Kwa nini mchongaji aache tumbo kubwa hivyo? Kwa sababu analipwa kwa uzito, na kila anachosaga kinakuwa vumbi. Jiwe la waridi alilolipata Williamson mwaka 1947 lilikuwa na karati 54.5. Lilipomaliza kukatwa London, kwa ajili ya zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, lilibaki na karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda, na hakuna aliyelalamika. Aliyekata lile la 0.50 alikuwa na moyo mwingine: aliing'ang'ania nusu karati hadi mwisho.

Mwanga ndio unaolipia uchoyo huo. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtu wa ukoo wa wachongaji wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe za almasi ya duara. Almasi huupinda mwanga kwa nguvu sana. Pembe za chini zikiwa sawa, nyuzi 41 hivi, mwanga ulioingia kwa juu hugonga ukuta mmoja, ukagonga wa pili, ukarudi juu kwenye jicho. Zikiwa kali mno, unatorokea chini na katikati ya jiwe panabaki kiza kama kichwa cha msumari. Tuliyachukua mawe yote mawili hadi mlangoni, kivulini, mbali na zile taa za dukani zinazoweza kukifanya hata kipande cha chupa kimetemete. Hapo sikuhitaji kusema neno. La 0.46 lilikuwa hai hadi pembeni. La 0.50 lilikuwa na doa la giza katikati, kubwa kama kichwa cha pini.

Rangi na usafi vilitupa kazi ndogo. Ngazi ya rangi huanza na D, isiyo na rangi kabisa, na kushuka hadi Z. Letu lilikuwa I, na ndani ya ukingo wa dhahabu ya njano hakuna atakayelitofautisha na G bila kulichomoa. Usafi ulikuwa SI1: chini ya lenzi inayokuza mara 10 lilionekana punje moja nyeusi, karibu na kiuno. Sonara akaligeuza jiwe ili punje hiyo iangukie pembeni, karibu na ukingo. Ingekuwa katikati ya uso wa juu, tungelikataa. Kalamu ya kupima joto ililia, lakini nikamkumbusha mpwa kwamba hiyo hulia hata kwa moisanaiti. Uthibitisho ulikuwa namba ya cheti iliyochorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Aliisoma kwa lenzi tarakimu moja moja, mdomo ukichezacheza, kama anavyosoma namba za kontena.

Kabla ya kulipa aliandikisha mambo mawili kwenye risiti, na hapo ndipo nilipomvulia kofia: kurekebisha saizi mara moja bila malipo, na kubadilisha jiwe ndani ya siku 30. Sonara alinung'unika kidogo, akapiga muhuri.

Tukio lenyewe halina uchambuzi mwingi. Kisanduku cha pete huchongoka mfukoni na kila msichana anakijua, kwa hiyo pete ilisafiri ndani ya kifuko cha miwani yangu hadi chakula cha mchana cha Jumapili, nyumbani kwangu. Alikuwa na hotuba, akaisahau. Binti alicheka, akalia, akasema ndiyo. Barua ya posa ilipelekwa na wazee wiki tatu baadaye, kama inavyotakiwa, na wajomba zake walijifanya hawajasikia lolote.

Pete ilipwaya. Ilizunguka kidoleni jiwe likaangalia sakafu, na kwa siku nane aliivaa kidole cha kati. Wodini hawaruhusu pete zenye mawe, jambo ambalo sisi wanaume wawili, pamoja na mahesabu yetu yote ya glovu, hatukulifikiria. Akiwa zamu huivaa kwenye mkufu, ndani ya sare.

Siku ya tisa walikwenda wote wawili kwa sonara. Kijiti cha chuma kilisema saizi 6. Mzee akaukata mkanda upande wa chini, akaondoa kipande, akazibana ncha, akaunga kwa moto, akang'arisha mpaka pa kuungia pakapotea. Saizi moja ya kipenyo ni milimita 0.8, na kwa mzunguko ni 2.5. Hicho kipande akakiweka ndani ya kimfuko cha nailoni, akakipima kwenye mizani mbele yao, akamkabidhi binti. "Chukua dhahabu yako, mama. Hiyo ni ya picha ya simu."