Mfuatano na Muda katika Foleni ya Skripti za JSmol: Uhakiki kwa Mfano wa Galena ya Mpanda

Sehemu hii inahakiki namna JSmol, programu ya kutazamia molekuli ndani ya kivinjari, inavyozipanga skripti zake katika foleni. Mfano unaotumika ni somo la galena, madini ya risasi na salfa. Madini ya risasi yalichimbwa Mukwamba, Mpanda, katika miaka ya 1950, na ndiyo yaliyosababisha kujengwa kwa tawi la reli kutoka Kaliua. Uchambuzi unaongozwa na Naratolojia ya Genette (1972), hususani utenganisho wake baina ya mfuatano na muda katika masimulizi.

Somo la galena lina msuko. Skripti ya kwanza hupakia faili la fuwele. Ya pili hupaka atomu rangi. Ya tatu hubakiza atomu moja ya risasi na majirani zake sita wa salfa. Ya nne hurudisha mchemraba mzima, ili mwanafunzi aelewe kwa nini galena ikigongwa hupasuka vipande vyenye umbo la dadu. Hatua ya tatu ikitangulia ya kwanza, hakuna cha kubakizwa. Katika hili JSmol inastahili sifa: skripti inayotumwa huku nyingine ikiendelea haiikatizi, bali husubiri zamu yake.

Hata hivyo, foleni hiyo hailindi masimulizi yote. JSmol hulisubiri faili iliyoliomba, lakini ukurasa unaoibeba hausubiri. Msimbo wa ukurasa ukishakabidhi skripti huendelea na kazi yake, hivyo maelezo kuhusu majirani sita yanaweza kusomeka kabla fuwele haijaonekana. Picha ina foleni, msimulizi hana.

Njia rahisi ya kuziba pengo hilo ni kuweka sekunde za kusubiri. Njia hiyo ni sawa na kutibu tatizo la mfuatano kwa dawa ya muda. Sekunde zinazotosha Dar es Salaam huenda zisitoshe Mpanda siku mtandao unapolegea. Mwanafunzi anayeona maneno yasiyolingana na picha hatambui kuwa kosa ni la mpangilio. Hudhani kuwa yeye ndiye asiyeelewa kemia.

Aidha, foleni hugawa zamu bila kuhakikisha mafanikio: skripti moja ikishindwa, inayofuata huendelea. Kwa mantiki hiyo, hatua zinazotegemeana zinapaswa kuwekwa katika skripti moja, ili kosa la mwanzo lizuie yanayofuata. Maelezo nayo yaitwe kutoka ndani ya skripti hiyo, kwa amri ya javascript, mwishoni mwa kila hatua. Hapo neno hufuata tendo, mtandao uwe wa kasi au wa kusuasua.

Kwa jumla, foleni ya JSmol inatosha kuwa mpangilio wa amri, lakini haijatosha kuwa mpangilio wa masimulizi. Jukumu hilo la pili linabaki kwa mtunzi wa somo.