Ufundi wa Mwanga Mdogo

Mafundi wengi wa taa husifiwa kwa mwanga mkali. Anayeunda mbalamwezi ya tangi la samaki hutafuta sifa nyingine: taa inayowaka bila kuufukuza usiku. Kwangu mimi, huo ni ufundi wa heshima kubwa.

Taa kuu ya tangi ikizimwa ghafla, samaki hushtuka. Wengine hukurupuka na kujigonga kwenye kioo. Huko walikotoka giza huingia taratibu, na usiku wenyewe una vipimo vyake. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanalijua hilo vizuri: mbalamwezi ikikolea huanika nyavu, maana taa zao hazivuti tena samaki, kisha hurudi ziwani siku za giza. Anayefuga samaki wa ziwa hilo sebuleni, awe Kigoma au Berlin, amemtoa kiumbe katika kalenda hiyo. Ana deni la kumrudishia angalau sehemu yake.

Vifaa ni vichache: LED 3 ndogo, rezista, waya mwembamba na adapta ya volti 12, umeme usio na hatari ya ule wa ukutani karibu na maji. Mguu mrefu wa LED ndio chanya. Zikiungwa kwa mfuatano, kila moja hula karibu volti 3, na zinazosalia huachiwa rezista. Hapo ndipo penye moyo wa kazi. Rezista ya omu 150 hupitisha takriban miliampia 20, LED ikawaka kwa nguvu zote. Ya omu 1,000 hupitisha kama 3 tu. Fundi huchukua hii ya pili. Amepiga hesabu ili apate kidogo.

Tazama na maungio yake. Hayeyushi risasi kwanza. Hupasha moto waya na mguu wa LED, kisha huigusisha risasi hapo, ikayeyuka na kutambaa yenyewe. Ikishika pande zote, kazi imekaa. Ikijikusanya kama kidonge, huyeyushwa upya. Juu yake huvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto, na silikoni huziba unyevu. Waya nao huachwa uning'inie chini ya soketi kabla ya kuipandia, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni.

Rangi nayo: LED za mbalamwezi hii kwa kawaida ni za buluu. LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha iliwatoa jasho Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Lakini mwezi wenyewe si wa buluu, kwani hurudisha mwanga wa jua. Ni macho yetu yanayoiona buluu zaidi gizani. Ndiyo maana fundi makini huweka LED moja nyeupe kati ya zile tatu.

Kisha, usiku mwingine, huizima taa nzima. Mzunguko wa mwezi ni siku kama 29.5, na una usiku wake wa giza totoro ambao samaki pia wanauhitaji. Hapa pana somo linalovuka tangi: kabla hujawasha taa, uliza nani anaishi gizani. Kasa wachanga hupotea njia ya baharini kwa sababu ya taa za majengo ya ufukweni. Wanaojenga huko wangewaita mafundi wa namna hii, fukwe zingebaki na usiku wake.