Kamba Ndefu ya Kuku

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huku kwetu Tanga kamba hiyo mara nyingi ni ya katani. Sokoni unakabidhiwa kuku kichwa chini miguu juu. Ukifika nyumbani unamfungua mguu mmoja, unamwachia kamba kwenye ule wa pili, na ncha yake unaifunga kwenye kigingi au mguu wa benchi la jikoni. Atakaa hivyo siku tatu, nne, mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwao. Kamba hiyo nimeiona tangu utotoni bila kuifikiria. Nilianza kuifikiria nilipojenga uzio wa kuku, nikaubomoa, nikajenga mwingine.

Kazi hii haina heshima mtaani. Mjenga nyumba ni fundi, mchonga milango ni fundi, hata mziba pancha ni fundi. Anayejenga uzio wa kuku ni "yule anayegongagonga huko uani". Mimi nasema ni ufundi, tena ufundi wenye adabu yake, hasa ukijengwa na mtu asiye na hela. Mwenye hela ananunua nondo, wavu na saruji, jioni kamaliza. Asiye nazo hana budi kujua: mti upi unaoza, fundo lipi linateleza, mnyama gani anapita wapi.

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa dukani. Nilinunua wavu wa kuku, ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita. Wavu huo una ukoo wa kuvutia. Mwaka 1844 Mwingereza mmoja wa mji wa Norwich, Charles Barnard, aliunda mashine ya kuufuma, akiiga mashine za kufumia nguo, maana Norwich ulikuwa mji wa wafumaji. Ndiyo kusema wavu ule, kwa asili yake, ni kitambaa cha waya, nami niliutandaza kama kitambaa: vijiti vinne, misumari kidogo, ukingo wa chini umegusa ardhi basi. Wiki ya pili kicheche alifukua chini yake. Asubuhi nilikuta manyoya, na kuku watatu hawapo.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu uvuvi. Alinikuta nikichimbia vijiti vilevile upya, nikamwamkia, akaitikia, akasimama kunitazama kwa muda ambao ulinitia haya.

"Unamjengea nani, mwanangu?"

"Kuku, mzee."

"Basi unajenga kinyume. Kuku anataka kwenda wapi? Mjengee kicheche."

Siku ile tuliacha kujenga tukachuchumaa. Kila pembe ya ua aliitazama kwa urefu wa mnyama anayetembea na tumbo karibu na ardhi. Palipokuwa na shimo la panya aliweka jiwe, na chini ya mwembe alinyosha kidole juu kwenye tawi lililoinamia uani. Hapo ndipo atakapoteremka, alisema, ukishamzuia chini. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile miaka sita bila kuliona tawi lile kama ngazi.

Vifaa tulivipata kwa vile tuko Tanga. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilisafiri kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani. Mkonge huchanua mara moja maishani. Unatoa mlingoti mmoja mrefu kupita nyumba ya kawaida, kisha mmea wote unakufa. Mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kubeba miwili: nje ganda gumu, ndani sponji. Msumari hauushiki vizuri, unalegea. Unachotaka ni kufungwa, na kinachoufunga vizuri ni kamba ya katani, yaani nyuzi za mmea uleule.

Lakini mlingoti haustahimili udongo. Kwa hiyo nguzo za kona ni mwarobaini, zimezama ardhini sentimita 60, na ncha zake tulizichoma motoni mpaka zikawa nyeusi ili zisioze upesi. Wengine hupaka oili chafu kuzuia mchwa. Mimi sitaki, kwa sababu kuku anakula anachokichakura, na mayai yale ninayala mimi. Zamani hapa pwani tungetumia boriti za mikoko, ila siku hizi kukata mikoko bila kibali ni kosa, na nikiutazama ufuko wetu ulivyoliwa na bahari naona ni haki.

Kutoka chini hadi kiunoni tulisimamisha milingoti imebanana, chini yake kuna safu ya mawe ili isiguse udongo. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni wavu, na juu kabisa, kama dari, wavu tena. Huu haukuwa wa dukani. Mzee alitoa nyavu zake chakavu, akakaa kuzichagua kama anayepepeta mchele. Jarife lina macho makubwa, kunguru atapita. Wavu wa dagaa una macho madogo mno. Utashika majani na upepo, na mvua ikinyesha utalemea. Alichagua wa kati, akaziba matundu kwa vidole ambavyo bado vinakumbuka kazi. Kunguru ndio waliomtia wasiwasi kuliko mwewe. Mwewe huja mara moja akaondoka. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, hukaa juu ya paa wakihesabu vifaranga vyako.

Ule wavu wangu wa kwanza, uliofedheheka, nao ulipata kazi. Tuliulaza chini kwa nje, umekunjwa mara mbili, nusu mita kuzunguka uzio wote, tukaukandamiza kwa mawe. Anayefukua huanzia pale kifua chake kinapogusa ukuta. Akikuta waya anasogea kushoto, anajaribu tena, anasogea. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita. Majani yameshaota kupitia matundu yale na sasa huwezi kujua kuna nini chini. Katika uzio mzima, hapo ndipo ninapopaonea fahari, na hapaonekani.

Bawaba za mlango ni vipande vya tairi. Nisingependa za chuma, kwa hewa hii ya chumvi.

Nafasi ni mita nne kwa tatu, kwa kuku wanane. Nusu tuliiezeka makuti, kwa sababu kuku hatoi jasho: jua likiwaka hutanua mbawa na kuhema mdomo wazi, na asipopata kivuli anakufa hivyohivyo. Nusu nyingine tuliiacha wazi ili achezee mavumbi. Kuku asiyejigaragaza vumbini analiwa na viroboto na utitiri. Masika ndiyo yaliyonifundisha kosa langu mwenyewe, kwani mzee alikuwa amesafiri: sakafu niliisawazisha kama sebule, maji yakatuama, matope yakanuka, vifaranga wawili wakaanza kuhara damu. Nikachimba mfereji, nikainua upande wa juu kwa mchanga, nikamwaga maranda. Sasa mvua inapita kama mgeni mwenye haraka.

Wapo wanaoniambia kuku wa kienyeji hafungwi, aachwe ajitafutie. Kijijini, nakubali. Hapa nina jirani mwenye mchicha na barabara yenye bodaboda. Na kuna jambo ambalo wasemaji hao hawalijui mpaka waje siku ya chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Zamani nilikuwa nawakimbiza kuku hadi kwa majirani, nikiwakosa wawili watatu, na mdondo hauhitaji zaidi ya hao. Ila uzio una deni. Aliyezuiwa kwenda kutafuta lazima aletewe: chicha ya nazi, mabua ya mchicha, na ule mtego wa bibi zetu, chungu chenye samadi na majani makavu yaliyoloweshwa, kilichofudikizwa juu ya njia ya mchwa usiku mmoja.

Juzi nilileta tetea wa kishingo kutoka sokoni, na kamba yake mguuni. Muuzaji alisema amekaa naye wiki nzima amefungwa. Nilimwingiza uani, nikakata kamba, nikatoka nikachungulia kwa nje. Alitembea hatua tatu, akasimama, mguu mmoja juu, pale ambapo kamba ingemvuta. Akageuka. Upande wa pili vilevile: hatua tatu, mguu juu. Wenzake walikuwa wanapita mbele yake wakichakura, naye anazunguka duara lake ambalo halipo tena. Ilipofika alasiri nilifunua chungu cha mchwa kule mwisho, kwenye kona ya mwembe. Alinyosha shingo yake tupu, akatazama, akasita, halafu akakimbia pamoja nao.

Kipande cha kamba kilikuwa bado mkononi mwangu. Mlango ulikuwa umelegea upande wa chini, nikakifunga hapo.