Cherehani ya Mjomba

Katika kitabu cha Kiingereza tulichosomea kidato cha pili palikuwa na ukurasa wa maneno yanayochanganya. Humo "principal" liliwekwa kando ya "principle", na "stationary" kando ya "stationery", nasi tukayakariri yote. Nakiri kwamba hadi leo nayaandika bila kosa. Lakini nikiupima ukurasa ule kwa miaka niliyoishi hapa Mtendeni, naona ulitungwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza Kiingereza nyumbani kwao. Yeye huyasikia maneno hayo kwa sauti moja, akakosea herufi tu. Sisi tulikuwa na mitego mingine, na kitabu hakikutaja hata mmoja.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani. Siku moja alimwazima kijana wa jirani cherehani yake ya pili, akanitaka niandike hati, tena kwa Kiingereza ili iwe na uzito. Nikaandika kwa majivuno: "I have borrowed him one sewing machine." Mjomba akatia sahihi asichokielewa. Miezi michache baadaye kijana alikataa kuirudisha, na hati ikafika mbele ya wazee wa mtaa. Mwalimu mmoja mstaafu akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mzee mwenzangu," alisema, "neno hili ni la mwenye kuchukua, si la mwenye kutoa. Hapa wewe ndiye uliyeazima."

Waliomwokoa mjomba ni akina mama wawili walioiona cherehani ikitolewa barazani kwake. Ilirudi bila mkanda. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mpwa wangu, huko shule mnafundishwa nini?"

Swali lile ningependa kumfikishia aliyeutunga ukurasa ule. Kwa Kiswahili "kuazima" humtosha anayetoa na anayepokea. Msikilizaji hupambanua kwa umbo la kitenzi na maneno yanayokizunguka: nimemwazima, nimeazima kwake. Kiingereza kinadai maneno mawili, "lend" na "borrow". Ajabu ni kwamba katika fedha sisi wenyewe tunatenganisha, kukopa mbali na kukopesha mbali. Laiti kitabu kingeanzia hapo, ningeelewa kwa siku moja. Vivyo hivyo "kusikia": tunasikia kelele, njaa, baridi na harufu, na mwanafunzi anayeandika "I hear hungry" si mjinga, anatafsiri kwa uaminifu.

Upo pia mtego wa ulimi. Wengi wetu tuliolelewa na Kinyamwezi hatutenganishi l na r kama Mwingereza anavyotaka, hivyo "load" na "road" hutoka kinywani kama neno moja. Tabora mzigo na njia ndivyo vilivyoukuza mji! Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa na pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32.

Na hao wapagazi wananikumbusha jozi moja ambayo wenye Kiingereza chao nao hujikwaa. Kule Kwihara, kwenye tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, nimewasikia wageni wakimwita kila aliyebeba mzigo katika misafara "slave". Watumwa walikuwepo, walipitishwa humu humu, wengine wakibebeshwa mizigo, na jambo hilo lisifichwe. Lakini Mnyamwezi aliyepatana ujira wake kwa vitambaa, akaenda pwani na kurudi kulima shamba lake, alikuwa "porter". Kumwita mtumwa ni kumnyang'anya ujira wake mara ya pili, na safari hii hana shahidi wa barazani. Maneno hayo mawili hayafanani kwa herufi wala kwa sauti, na sijayaona katika ukurasa wowote wa maneno yanayochanganya.