Kufuta Desktopu Hakuongezi RAM

Mwenye laptopu ya mtumba ya RAM GB 2 hapa Tukuyu hakosi mshauri. Ataambiwa: weka Linux, kisha futa desktopu iliyopo uweke nyepesi zaidi, mashine itapaa. Kuweka Linux, sawa kabisa. Ila hiyo habari ya kufuta inatakiwa ipingwe, maana inamla mwanafunzi bando na muda, na wakati mwingine inamwacha na skrini nyeusi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Desktopu ni kundi la programu zinazokuonyesha menyu, madirisha na mafaili. Kati ya zile nyepesi, LXDE inajulikana sana. Ilianzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan. Baadaye yeye na wenzake wakahamia kwenye LXQt, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Lubuntu nayo iliiacha LXDE kuanzia toleo la 18.10, mwaka 2018.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Diski ni kama stoo, RAM ni kama meza ya kulia. Mikungu ya ndizi iliyoko stoo haijazi meza hata iwe ishirini. Kinachojaza meza ni kile ulichopakua. Vivyo hivyo, desktopu ambayo hujaingia ndani yake imelala kwenye diski na kwa kawaida haili RAM. Ukiifuta unapata nafasi ya diski, basi. Unaweza kuwa na LXDE na LXQt pamoja, ukachagua ya kutumia pale unapoingiza nywila.

Na je, LXQt ni bora kuliko LXDE? Kwa anayeanza leo, ndiyo, kwa sababu LXDE ilijengwa juu ya GTK 2, teknolojia ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia baada ya GTK 4 kutoka Desemba 2020. Lakini kwa upande wa RAM, tofauti kati yao mara nyingi ni ndogo kuliko kurasa chache nzito ulizofungua kwenye kivinjari. Kumbe anayekula meza nzima ni kivinjari, na lawama anabebeshwa desktopu!

Hatari iko kwenye amri zenyewe. Kwenye Debian, lxde ni jina la kifurushi kinachovuta vingine. Ukiandika sudo apt remove lxde, linaondoka hilo jina, vipande vinabaki. Ukifuatisha na sudo apt autoremove, vinaondoka kwa mkupuo vyote ambavyo mfumo unaona havihitajiki tena. Humo huweza kuwamo programu inayokuunganisha na Wi-Fi, na bila intaneti utairudishaje? Tena umeme ukikatika katikati na betri ya mtumba imeshachoka, jambo la kawaida mvua za Rungwe zikikolea, kazi inabaki nusu. Mara nyingi hapo sudo dpkg --configure -a huokoa jahazi, ila ni lazima uijue kabla.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, andika free -h ukiwa na kurasa zako za kila siku wazi, uangalie safu ya available. Funga kivinjari, upime tena. Namba hizo mbili zitakuonyesha mlaji ni nani. Ukitaka kujaribu desktopu nyingine, iongeze pembeni, itumie wiki mbili. Ukiamua kufuta ya zamani, tanguliza apt-get -s autoremove: inaonyesha vitakavyoondoka bila kuondoa kitu. Soma orodha yote.

Na kama una akiba kidogo, inunulie mashine RAM ya pili au SSD. Hapo utaona tofauti ambayo hakuna desktopu itakayokupa.